Maswali ya wasomaji: Tumsimamishe mwalimu au mwenye magari?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha upinzani katika kata moja huku Tandahimba. Wanaotaka udiwani kwetu ni wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu, ana kadi tangu siku tulipofungua tawi, lakini hata pikipiki hana. Wa pili ananunua mazao na kusafirisha, amehamia kwetu miezi minne iliyopita, na ameahidi magari mawili, spika na chakula cha mawakala. Tumekaa vikao vitatu mpaka usiku wa manane. Wengine wanasema mwalimu tunampenda ila hashindi. Wengine wanasema tajiri atashinda, halafu atatukimbia. Vijana wanatukanana kwenye grupu la WhatsApp, na Ijumaa iliyopita wazee wetu wawili wametoka msikitini bila kupeana mikono. Tufanye nini?
Katibu wa tawi, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo kwa wazee wa msikitini nimesimama nikarudia kusoma. Kabla hujafika mwisho wa jibu langu, panga siku ya kwenda kwa kila mmoja wao nyumbani, peke yako, bila simu mkononi. Hao wawili wakiendelea hivyo, uchaguzi wenu umekwisha hata kampeni haijaanza.

Ugomvi wa kikaoni haunitishi. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo hapa Mikindani tangu 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Kinachonitisha ni kwamba mmekaa vikao vitatu na barua yako haina hesabu hata moja. Kata yenu ina vitongoji vingapi? Vituo vya kura vingapi? Mara iliyopita mlipata ngapi kila kituo? Wakala wenu alipewa nakala ya fomu ya matokeo. Iko wapi? Kama ilifungiwa vitumbua, tafuteni watu waliokuwa vituoni, wakae chini, wakumbuke.

Udiwani hauna duru ya pili. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye diwani. Mwaka 2000 nilikuwa wakala wa chama changu kituoni. Tulikuwa tumegawanyika kama ninyi, na waliomtaka yule aliyeachwa walisusa, wakabaki majumbani. Tulishindwa kwa kura thelathini na nne. Nilikuwa na orodha ya wanachama wetu wa kituo kile, nikaweka alama kwa ambao hawakutokea: walizidi hamsini. Niliwajua wote, wengine ni ndugu zangu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo kikao cha nne msijadili nani anapendwa. Chukueni daftari, mwende kitongoji kwa kitongoji, na kila balozi wenu aseme nyumba ngapi zinamfungulia mlango mwalimu, ngapi zinamfungulia huyu wa pili. Kama mwalimu anajulikana vitongoji viwili tu kati ya vinane, basi mapenzi yenu hayatoshi, na mwambieni yeye mwenyewe, mbele yake, kwa adabu.

Na ninyi watu wa korosho mna jambo ambalo makao makuu ya vyama hayalifikirii. Uchaguzi mkuu wetu huangukia mwisho wa Oktoba: 31 Oktoba 2010, 25 Oktoba 2015, 28 Oktoba 2020. Ndio wakati korosho zinadondoka. Mtu amehamia shambani na watoto, analala kibandani, anaokota alfajiri zisije zikaokotwa na mwingine. Gari lenye spika litapita barabarani, yeye yuko ndani kabisa kwenye mikorosho, hasikii. Mtu wa namna hiyo atakayemtoa ni yule atakayemfuata kwa miguu, akamkuta ameinama, akaanza naye kuokota huku wanazungumza. Nani kati ya wawili hao atafanya hivyo? Mwalimu wenu magoti yake mazima? Ulizeni, maana hili nalo ni swali la ushindi.

Umeandika kwamba wa pili "ananunua mazao". Na korosho pia? Hapa sitaki mzunguke. Tangu 2007 korosho zetu zinakwenda kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka ghalani anapewa stakabadhi, na zinauzwa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mnada. Lakini kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni nje ya mfumo huo, haijafa. Mama ana mgonjwa, au mtoto anadaiwa vitu vya shule, anapimia korosho zake kwa bakuli kabla ya msimu, kwa bei ya kumlazimisha alie. Huyo mama hamsahau aliyeshika bakuli. Kama mgombea wenu amewahi kufanya biashara hiyo, wapinzani wenu hawatahitaji mkutano wa hadhara, watahitaji mama mmoja tu kisimani. Mwulizeni kikaoni, ajibu kikaoni, na muandike jibu lake. Kama ni mtu safi, mtakuwa mmemsaidia kulisema mapema.

Kuhusu mali yake: takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, na tangu 2010 tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Chakula cha wakala ni gharama ya kampeni, ubwabwa wa kitongoji kizima ni kununua watu. Kila shilingi yake ipite kwa mweka hazina na risiti iwepo.

Hofu ya kukimbiwa naielewa. Mwaka 2015 Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliachiana majimbo chini ya muungano wao wa UKAWA, na Kusini tuliona matunda yake: CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na Kilwa zote mbili, Chadema ikachukua Ndanda. Kabla ya mwaka 2020 kwisha, waliochaguliwa Liwale, Tandahimba na Ndanda walikuwa wako CCM. Kila mtu ana haki ya kuhama, simlaumu anayefuata dhamiri yake. Lakini wale waliolala njaa wakilinda kura zake nao wana haki ya kuulizwa kwanza. Diwani akiacha chama kilichomdhamini anapoteza kiti, mnarudi kwenye uchaguzi mdogo mkiwa mmechoka na hamna hata nauli.

Ukinibana niseme jina, nasema mwalimu, iwapo daftari halitamkataa. Kisha mwombeni huyu wa pili aingie kamati ya kampeni ya mwalimu, na magari yake yale yale, na spika zile zile. Akikubali, mmepata mwanachama, na miaka mitano ijayo nitamwunga mkono mwenyewe. Akikataa na kuondoka na magari, mmejua alichokuja kukitafuta, tena mmekijua bila kupoteza kata.

Fomu ya udiwani inataka wadhamini wasiopungua kumi, wapiga kura wa kata hiyo. Katika hao kumi wawepo watano waliomtaka yule aliyeshindwa, wakiwemo wazee wako wa msikitini kama watakubali. Na fomu isomwe na watu wawili kabla ya kurudishwa, herufi kwa herufi. Mwaka 2019 na 2020 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu.

Grupu la WhatsApp: matangazo ya vikao tu mpaka jina lipatikane.

SWALI: Bibi, nimeshindwa kura za maoni hapa Lindi Mjini. Watu wa mtaani wananiambia nigombee mwenyewe bila chama. Inawezekana?
Kijana, Lindi

JIBU: Haiwezekani, mwanangu. Katiba yetu inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa miaka. Mahakama ya Rufani ilimkatalia 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema katazo hilo linavunja haki za raia. Katazo bado lipo. Mimi naamini liondolewe, na nimesema hivyo mbele ya viongozi wa chama changu walipokuwa hawataki kunisikia.

Lakini wewe hujaniambia ulishindwaje. Kama wajumbe walinunuliwa, kata rufaa ndani ya chama kabla muda haujapita, na peleka mashahidi, usipeleke uvumi. Kama walihesabu kwa haki, niandikie tena: ulipata kura ngapi kila tawi, na ni tawi gani ambalo hukufika hata mara moja.