Picha kwenye kurasa za tovuti: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu mifumo ya kusimamia maudhui, yaani programu za kuendeshea tovuti, kama WordPress, Drupal na Joomla. Menyu zake hazifanani, lakini kazi inayofanyika nyuma ya pazia inakaribiana sana. Palipo na tofauti ya maana tumeutaja mfumo kwa jina.

Picha niliyopiga kwa simu inakataliwa, naambiwa imezidi ukubwa unaoruhusiwa. Nifanyeje?

Ukomo huo kwa kawaida unatoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. PHP, lugha inayoendesha mifumo yote mitatu, ikiachwa na mipangilio yake ya awali hupokea faili lisilozidi megabaiti 2 (upload_max_filesize), na kila kinachotumwa kwa mkupuo mmoja kisizidi megabaiti 8 (post_max_size). Viwango hivi vinaweza kupandishwa kwenye paneli ya seva, ila cha pili lazima kiwe kikubwa kuliko cha kwanza. Ukipandisha kimoja ukasahau kingine, huenda ukabaki palepale.

Hata hivyo, kabla ya kugusa seva itazame picha yenyewe. Simu hutoa picha yenye upana wa pikseli (nukta zinazounda picha) 4000 hivi, ilhali safu ya maandishi kwenye kurasa nyingi ina pikseli 800 tu. Skrini zenye pikseli zilizosongamana zinahitaji mara mbili yake, kwa hiyo 1600 zinatosha. Ifungue kwa GIMP au programu nyingine ya kuhariri picha, weka upana 1600, acha urefu ujirekebishe wenyewe ili uwiano usiharibike, kisha ihifadhi kama JPEG kwa ubora wa 80. Megabaiti 6 zitashuka hadi kilobaiti mia kadhaa, na jicho halitaona tofauti. Hapohapo ondoa taarifa za Exif (maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la picha), kwani picha ya simu huweza kubeba namba za ramani zinazoonyesha mahali ilipopigwa, na yeyote atakayeipakua atazisoma.

Usidanganyike na kuvuta pembe za picha ndani ya kihariri cha ukurasa. Unachopunguza ni nafasi inayokaliwa ukurasani; faili linabaki na uzito wake.

Faili langu ni megabaiti 1.8 tu, lakini upakiaji unafika mwisho kisha unaleta hitilafu. Kwa nini?

Kwa sababu seva haiifanyii kazi picha ikiwa imebanwa. Lazima kwanza iikunjue kwenye kumbukumbu, na kila pikseli huchukua takriban baiti 4. Picha ya 6000 kwa 4000 ni pikseli milioni 24, yaani megabaiti 96, hata kama faili diskini ni dogo. Juu ya hapo WordPress hutengeneza nakala kadhaa: kijipicha cha 150 kwa 150, kisha za 300, 768, 1024, 1536 na 2048, pamoja na zozote zinazodaiwa na mandhari (muundo wa mwonekano) ya tovuti. Seva yenye kumbukumbu finyu hukatiza kazi katikati. Ndiyo maana picha inaweza kuonekana kwenye maktaba ya midia, palipo na picha zote za tovuti, lakini kijipicha chake kikawa kitupu.

Punguza pikseli kwanza, ndipo upakie. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress yenyewe hutengeneza nakala ya pikseli 2560 kwa picha inayozidi kipimo hicho na kuiongezea neno "-scaled" kwenye jina, lakini kuitengeneza nakala hiyo nako kunahitaji kumbukumbu ileile.

Nilinakili makala kutoka Word pamoja na picha zake. Mimi naziona, wenzangu wanaona kisanduku kitupu.

Kilichobandikwa ni anwani ya faili lililo ndani ya kompyuta yako, si picha. Fungua msimbo wa ukurasa: ukikuta anwani ya picha inaanza na file:///, umempata mchawi. Wakati mwingine utakuta mfululizo mrefu wa herufi unaoanza na data:image. Hiyo ni picha nzima iliyoshindiliwa ndani ya maandishi, nayo huufanya ukurasa uwe mzito na haipati nakala ndogo. Dawa ni moja kwa hali zote mbili: bandika maandishi peke yake, kisha pakia kila picha kupitia maktaba ya midia.

Nimesahihisha maandishi mbadala ya picha (alt) kwenye maktaba, lakini ukurasani bado ni yale ya zamani.

Hili huwachanganya wengi, na si kosa lako. Unapoingiza picha kwenye makala, WordPress hunakili maandishi mbadala yaliyopo wakati huo na kuyaandika ndani ya ukurasa. Ukibadilisha maktaba baadaye, nakala ile haijui. Fungua ukurasa, bofya picha, sahihisha kwenye paneli ya mipangilio ya pembeni, kisha hifadhi. Picha kuu ya makala ni tofauti: hiyo kwa kawaida husoma maktaba moja kwa moja. Kwenye Drupal, picha iliyopachikwa kama kipengee cha midia hufuata maandishi ya kipengee hicho, isipokuwa kama uliyabadilisha mahali ulipoipachika.

Na kwa kuwa umegusa jambo hili, tuseme linavyoandikwa. Maandishi mbadala husomwa kwa sauti na programu za kusoma skrini, kwa hiyo andika kazi ambayo picha inaifanya hapo ilipo. Alama ya kioo cha kukuzia iliyo kitufe iandikwe "Tafuta", maana asiyeiona anataka kujua kitufe kinafanya nini. Chati ieleze inachoonyesha: "Mauzo yamepanda kila mwezi kuanzia Machi" lina faida, "chati ya mauzo" halina. Usianze na "picha ya", programu imeshamwambia msikilizaji kuwa ni picha. Bango lenye tarehe na mahali pa mkutano lisiachwe kuwa ndiyo mahali pekee pa habari hizo. Ziandike pia ukurasani kama maandishi ya kawaida. Picha ya pambo tupu ibaki na alt="". Sifa hiyo iwepo, ila iwe tupu: ikikosekana kabisa, baadhi ya programu hizo husoma jina la faili, na msikilizaji anaishia kusikia IMG 20230114 na kadhalika.

Nihifadhi picha kwa aina gani ya faili: JPEG, PNG au WebP?

Picha za kamera: JPEG au WebP. Picha za skrini, michoro yenye mistari mikali na maandishi, au vitu vyenye sehemu angavu inayoonyesha kilicho nyuma yake: PNG au WebP. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni picha ya kamera iliyohifadhiwa kama PNG, ambayo huwa nzito mara kadhaa bila faida yoyote. WordPress inapokea WebP tangu toleo la 5.8.

Nembo yetu ya SVG inakataliwa.

WordPress huikataa kwa makusudi. SVG ni maandishi yanayoelezea mchoro, na ndani yake panaweza kufichwa msimbo unaotekelezwa na kivinjari cha msomaji. Ukiihitaji, tumia programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea kwenye mfumo) inayosafisha mafaili ya SVG, na ruhusa ya kuyapakia wape wasimamizi pekee. Kama hapana haja, PNG itafaa.

Nimepakia picha mpya kwa jina lilelile, ya zamani haiondoki.

WordPress haifuti ya zamani. Ya pili huongezewa namba, mfano ramani-1.jpg, na ukurasa unaendelea kuelekeza kwenye ramani.jpg. Bofya picha ukurasani na utumie kitufe cha kuibadilisha. Ikiwa anwani ni mpya lakini unachokiona ni cha zamani, safisha kache (nakala za muda zilizohifadhiwa) ya tovuti kisha ya kivinjari.

Maktaba imejaa. Je, naweza kufuta picha zote zinazoonyeshwa kuwa hazijaambatishwa?

Usifanye hivyo. Alama hiyo inasema tu kwamba picha haikupakiwa kupitia makala fulani. Huenda inatumika kwenye kurasa kumi. Na kufuta kwenye maktaba huondoa faili na nakala zake zote, bila kapu la kuokolea. Kwanza tafuta jina la faili, bila kiambishi chake cha mwisho, kwenye orodha ya makala na ya kurasa, kwani utafutaji huo hupekua hata msimbo wa ndani. Picha kuu na zile za pembeni au chini ya tovuti hazitapatikana kwa njia hiyo, hivyo zikague kwa macho, na uchukue nakala rudufu ya folda ya uploads, inakokaa picha kwenye seva, kabla ya kufuta hata moja.