Maswali ya Wasomaji: Bikila Mbele ya Kamera

SWALI: Ndugu mhariri, nimeitazama filamu ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 iliyoongozwa na Kon Ichikawa. Kwenye marathoni, uso wa Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, unajaa skrini nzima. Je, kamera ilikuwa ubavuni pake? Na mbona anakimbia taratibu vile?

JIBU: Ukaribu huo ni kazi ya lenzi ndefu, zile zinazovuta karibu kilicho mbali, ambazo Ichikawa alizitumia sana. Utaitambua kwa umati ulio nyuma: unaonekana umemgandamia mkimbiaji mgongoni, tena kwa ukungu, japo uko mbali. Lenzi hiyo hukuza hata mtikisiko mdogo wa mkono, kwa hiyo kamera isipokaa kwenye stendi imara ya miguu mitatu, picha inaharibika.

Kuhusu mwendo: sinema huonyeshwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde. Ukipiga fremu 72 kwa sekunde, sekunde moja ya mbio inachukua tatu kwenye skrini. Basi usimpime Bikila kwa macho! Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, akamwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 4, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidoletumbo. Mtazame na miguuni: amevaa viatu. Pekupeku alikimbia kwenye Olimpiki ya Roma, 1960.