Kunde na karanga kati ya miche ya parachichi: panda, ila chagua

Mkuu, umeuliza kama kunde na karanga zikipandwa kwenye nafasi iliyo wazi kati ya miche ya parachichi zitainyang'anya chakula. Nachanganya hivyo hivyo kwenye shamba langu dogo, na nakushauri upande. Ila usitegemee mche unenepe kwa sababu tu umepakana na kunde.

Kunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake, lakini huanza kujilisha yenyewe, na sehemu kubwa huishia kwenye majani na mbegu. Ukichuma maganda kisha ukang'oa kila kitu ukawapelekea mbuzi, naitrojeni imeondoka nao. Mimi nikimaliza kuchuma nakata shina usawa wa udongo, mizizi inaozea humo humo, na majani natandaza kuuzunguka mche bila kuyagusisha na shina lake. Kama mbuzi lazima wale, basi samadi yao irudi shambani.

Usikisie kama bakteria wanafanya kazi, chimbua uone. Kunde zikianza kutoa maua, chimbua shina moja pamoja na bonge la udongo. Usivute, vinundu vitakatikia chini. Suuza mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ukikuta wekundu au rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea. Ukikuta weupe au ukijani, hakuna cha maana. Mara nyingi sababu ni mbolea ya naitrojeni iliyozidi, maana mmea uliolishwa hauhangaiki kutafuta, au udongo hauna fosforasi ya kutosha. Na tafadhali usichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo fundo, minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Kinundu kimeshikamana pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole, lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukiuona huo, na kama una mipapai pia shambani, hapo usichanganye kunde na mipapai, kwani minyoo hao hushambulia yote miwili.

Kwa mipapai kuna jambo jingine linaloniumiza nikiona watu wanalipuuza: vidukari. Hujazana kwenye kunde, na wakipita kwenye mpapai wakionja tu wanaweza kuuambukiza virusi vya madoa pete. Ugonjwa huo hauna dawa, mti unang'olewa. Kagua ncha za kunde mara kwa mara.

Karanga ni nzuri, ila kuvuna ni kuchimba, na mizizi ya parachichi inayofyonza chakula iko juu juu. Ziweke katikati ya mistari, mbali na miche. Karibu na mche weka kunde za kusimama, ukiacha duara tupu la kama mita 1, kwa sababu zile za kutambaa hupanda juu ya mche na kuukaba. Mbaazi hurefuka haraka kuliko mche mdogo, kwangu zinakaa mpakani.

Matawi yakianza kukutana, kunde hazitazaa tena chini ya kivuli. Hapo acha kupanda, endelea na matandazo. Tuambie umeachia nafasi gani kati ya miche, na kama mvua ikinyesha maji hutuama, maana parachichi huoza mizizi upesi penye maji yaliyosimama na hilo kunde hazitalitibu.