Maswali na Majibu: Wakala Ameshinda Tuzo, Nimpe Pesa?

Kuna wakala mdogo wa ajira hapa kwetu, ofisi ya watu watano tu, ameshinda tuzo ya mawakala bora. Anapeleka watu Saudia na Qatar. Nimwamini? (Msomaji, Kilifi)

Nampongeza kwa dhati. Wakala mdogo anaweza kumjua kwa jina kila binti aliyempeleka, na simu ya usiku kutoka Riyadh akaipokea mwenyewe. Lakini tuzo peke yake haithibitishi hayo. Tuzo nyingi za kibiashara huanza kwa kampuni kujipeleka yenyewe kama mshindani, ikalipa ada ya kushiriki na kununua meza kwenye hafla. Majaji husoma walichoandikiwa. Hawaendi Dammam, Saudia, kumuuliza mfanyakazi kama mshahara umeingia. Muulize: nani alitoa tuzo, kwa vigezo gani? Kisha omba kuzungumza na mtu aliyemaliza mkataba akarudi nyumbani. Akianza kukwepa, ondoka.

Mwenye tuzo bado anahitaji leseni?

Ndiyo.

Leseni naiangalia wapi?

Swali hili nimelijibu mno, na bado watu wanauza ng'ombe kwanza ndipo wanauliza. Kenya, ni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Tanzania Bara, anzia TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira. Soma jina la wakala herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya wenye sifa. Tazama pia tarehe ya leseni kuisha. Mwaka 2014 Kenya ilifuta leseni za mamia ya mawakala kwa mpigo, kwa hiyo cheti cha zamani ukutani hakikulindi.

Wakala ananidai laki moja na nusu za "usajili" kwa kazi ya nyumbani Saudia. Ni kawaida? (Mombasa)

Imezoeleka, na ni dhuluma. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) nambari 181 wa 1997 kimsingi unakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada yoyote. Uingereza ilipiga marufuku kumtoza mtafuta kazi tangu sheria yake ya 1973. Gharama za kukutafuta ni za mwajiri, naye huwa ameshamlipa wakala. Laki yako ni malipo ya pili kwa kazi ileile. Ubaya mkubwa uko mbele: anayesafiri na deni hathubutu kumwacha mwajiri anayempiga, kwa sababu nyumbani wanangoja marejesho. Majaji wa tuzo wangeanza na swali hili la ada, wengi wangebaki bila vikombe.

Wakala anasema atanitunzia pasipoti hadi siku ya safari.

Kaichukue leo. Hata Saudia yenyewe, sheria inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Mkataba nao upige picha kila ukurasa, umtumie ndugu yako kabla hujapanda ndege.

Sisi ni wakala mdogo, Nakuru. Tunataka kushindania tuzo mwakani. Tuandike nini?

Msijisifu kwa idadi ya watu mliowasafirisha. Andikeni wangapi walimaliza mkataba, wangapi walicheleweshewa mshahara na mlifanya nini, na nani alilipa nauli. Ambatisheni risiti.