Mita imesoma volti 12 na taa haiwaki: usikimbilie kupiga dairekti

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miezi mitatu najifunza umeme wa magari kwenye gereji hapa Morogoro, na nimenunua mita ya dijitali ya bei ndogo. Tuna Hiace ambayo taa ya breki ya kushoto haiwaki. Mwenye gari alishaweka globu za LED. Nilitoa globu, mwenzangu akakanyaga breki, nikapima soketi: mita ikasoma 12.4. Nikaipima globu kwa ule mlio wa mita, haikulia. Tukanunua nyingine, nayo haikulia wala haikuwaka. Mwenzangu anasema soketi za zamani hazipatani na LED, tuvute waya dairekti kutoka kwenye betri. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msivute waya wowote. Na hizo globu mbili usizitupe, naamini zote ni nzima.

Nianze na mlio, maana hapo umedanganyika kirahisi. Globu ya zamani ina waya mwembamba ndani, umeme unapita moja kwa moja, mita inalia. LED si waya. Nyekundu moja inahitaji kama volti 2 ndipo ifunguke, nyeupe kama volti 3, na ndani ya globu ya gari huwa zimepangwa kadhaa kwa mfuatano, mara nyingi tatu tatu, pamoja na rizista (kipande kinachobana umeme) au kibao kidogo cha kudhibiti umeme. Mita yako kwenye mlio haitoi nguvu ya kuzifungua zote. Kwa hiyo LED nzima hailii, na iliyokufa nayo hailii. Kipimo hicho kwa LED hakina maana yoyote, na bado kila siku naona vijana wanatupa globu nzima kwa sababu yake.

Ukitaka kujua kama LED ni nzima, chukua globu ya kawaida ya wati 21, iunge kwa mfuatano na hiyo LED, kisha zilishe zote mbili kutoka kwenye betri ya volti 12. LED nzima itawaka na ile globu kubwa itabaki giza, kwa sababu LED inavuta umeme kidogo sana. Kama LED ina shoti ndani, globu kubwa ndiyo itawaka, na hakuna kitakachoungua. LED isipowaka, geuza nyaya kwanza kabla hujaihukumu, kwa kuwa nyingi zina upande wa chanya na upande wa hasi. Zile globu za kubana zisizo na kitako cha chuma zinaweza kuingia kwenye soketi upande wowote, na ukikosea upande zinakaa kimya tu.

Sasa hiyo 12.4. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu hata mafundi wa miaka mingi wanaapa kwamba mita ikisoma 12 basi umeme umefika. Mita ya dijitali haivuti karibu chochote. Nyingi zina ukinzani wa ndani (ugumu wa umeme kupita, unaopimwa kwa omu) wa omu milioni 10, zile za bei ndogo kama omu milioni 1. Tuseme kwenye njia ya taa yako kuna kutu ya kijani yenye ukinzani wa omu 10,000. Mbele ya omu milioni 10, hizo 10,000 ni vumbi, mita itasoma 12.4 ile ile. Lakini weka taa. Betri ya 12.4 ikisukuma kupitia omu 10,000 haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea moja na ushee, na LED yako ya breki inataka mia na zaidi. Haiwaki, au inang'aa kama kijinga cha moto kinachozimika. Soketi tupu haidai umeme, ndiyo maana ukiipima tupu kila kitu kinaonekana kizuri.

Halafu kuna jambo hujaniambia: ncha nyeusi uliiweka wapi? Kama uliigusisha kwenye bodi ya gari mahali panapong'aa, au kwenye hasi ya betri, basi ulipima chanya tu. Njia ya kurudi, ile hasi ya taa yenyewe, hukuigusa kabisa. Taa za nyuma za magari yetu zinapigwa na matope na maji ya kuoshea, na sehemu ya kwanza kufa ni pale waya wa hasi unapofungwa kwa skrubu kwenye bodi.

Fanya hivi. Weka globu ya kawaida ya wati 21 kwenye soketi, si LED, kwa sababu tunataka mzigo unaovuta karibu ampea 2 ili ubovu ujionyeshe. LED inavuta kidogo mno, inaweza kuwaka vizuri juu ya muunganiko uliooza na kukuficha tatizo kwa miezi. Mtu akanyage breki. Mita iwe kwenye volti za DC, na waya mwekundu wa mita usiwe kwenye tundu la ampea 10: ukiusahau hapo na kugusa chanya na hasi, umepiga shoti kwa mkono wako, na kwenye mita nyingi za bei ndogo tundu hilo halina fyuzi.

Ncha nyekundu kwenye hasi ya taa, nyeusi kwenye hasi ya betri. Ukisoma chini ya volti 0.2 hivi, hasi ni safi. Ukisoma 3, 8 au karibu yote 12, umempata mwizi. Kisha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye chanya ya soketi. Hapo volti 0.5 inavumilika, zaidi ya hapo kuna swichi, soketi au kiungo kimechoka. Volti zote za betri lazima zionekane mahali fulani, iwe kwenye taa au kwenye ubovu. Hazipotei hewani.

Kwa Hiace yako naanza na hasi. Fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, badilisha kichwa cha waya kama kimeoza, kaza, paka grisi juu, upime tena. Kazi ya dakika 15.

Kuhusu dairekti. Mwenzako akivuta waya kutoka betri, hasi iliyooza bado iko pale pale, taa haitawaka. Akivuta na hasi, itawaka, mwenye gari atafurahi, na ndani ya gari kutakuwa na waya ulio hai saa zote usio na fyuzi, unapita kwenye kingo kali za bati. Siku ngozi ya waya ikitoboka, betri inayoweza kuzungusha stata kwa zaidi ya ampea 100 itamwaga zote kwenye waya wa taa. Nimewahi kufungua dashibodi ya Noah nikakuta nyaya zote zimeyeyuka zikawa fungu moja. Kwenye kasha la fyuzi kulikuwa na karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara iliyosokotwa mahali pa fyuzi nyekundu ya ampea 10. Mwenye gari alikuwa akipeleka watoto shule na gari hilo. Aliyeifunga aliitwa fundi na alilipwa.

Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake. Nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano 20, kijani 30, na aliyetengeneza gari alipanga namba kufuata unene wa waya. Kuweka kubwa zaidi "ili isikatike" ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi. Ni sawa na zile rizista kubwa wanazouza za kutuliza indiketa za LED zinazopepesa haraka: ile ya omu 6 inavuta ampea 2 na inapata moto wa kuunguza mkono, na watu wanaifunga kwa selotepu juu ya plastiki. Badilisha rilei ya indiketa, ile inayoiwasha na kuizima, iwe ya LED.

Na kwa kuwa unaanza kuchokonoa nyaya: soketi na mirija ya rangi ya njano chini ya usukani na chini ya viti ni ya airbag, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Hiyo usiichome ncha ya mita, wala taa ya kupimia, hata ukiambiwa na nani.