Kwa baiskeli kando ya maziwa ya Ayalandi

Ndugu, umeuliza wapi pa kuendesha baiskeli siku tatu Ayalandi, upate maziwa na vijiji badala ya malori. Mimi ningeanzia mji wa Enniskillen, maji huku, maji kule. Hapo inapita njia ya baiskeli iitwayo Kingfisher Trail, kama kilomita 480 kwa umbo la namba 8. Usijaribu kuimaliza, chukua kipande.

Zunguka Lower Lough Erne, ziwa la chini (liko kaskazini, ndiko maji yanakoteremkia). Utauona mnara wa mawe wa kisiwa cha Devenish. Kinachochosha si milima, ni vilima vidogo vilivyoachwa na barafu ya kale: hujamaliza kuhema, kingine hicho. Hakikisha una gia nyepesi. Barabara ni nyembamba, zimebanwa na ua wa miti. Trekta ikija, simama pembeni. Dereva atakuinulia kidole kimoja bila kuachia usukani. Ndiyo salamu yao, nawe itikia.

Ila angalia mpaka. Enniskillen iko Ayalandi ya Kaskazini, chini ya Uingereza. Ukiingia kaunti ya Leitrim uko Jamhuri ya Ayalandi, nchi nyingine. Hakuna geti, utaona tu vibao vimetoka maili vimekuwa kilomita. Kwa pasipoti yetu ya Tanzania hizo ni viza mbili, hata asipokusimamisha mtu. Ukiwa na ya Jamhuri peke yake, baki Leitrim, zunguka Lough Allen kuanzia Drumshanbo.

Nenda Juni, saa nne usiku bado kuna mwanga. Koti la mvua beba hata jua likiwaka.