Fundi Mashine Anajibu: Ndoo Mbili Kila Alfajiri

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashua ya mbao ya futi 34, injini ya dizeli ya ndani. Maji yanaingia kwenye glandi ya shafti, pale shafti inapotokea nje ya mashua. Nikikaza nati yanakoma siku mbili, kisha yanarudi kuliko mwanzo. Sasa nafua ndoo mbili za lita 20 kila alfajiri, na nati zimefika mwisho. Safari iliyopita glandi ilipata moto hadi grisi ikanuka. Kuna jamaa kanishauri nizungushie kamba ya pamba. Nifanyeje?
– Msomaji, Kilindoni, Mafia

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo spana iweke chini kwanza. Ugonjwa ulianza na maji, lakini aliyeuzidisha ni wewe.

Glandi haikuundwa iwe kavu. Ile pakingi ya ndani, yaani pete za kamba zinazoibana shafti, inapozwa na maji hayo hayo unayoyachukia. Shafti ikizunguka, matone mawili matatu kwa dakika ni afya. Ikisimama, yakome au libaki tone la hapa na pale. Niliwahi kukinga kopo: matone matatu kwa dakika, usiku na mchana, hayakujaza hata glasi. Ndoo mbili ni habari nyingine. Ulipokaza hadi ikakauka, pakingi iliungua, ikawa ngumu kama fupa, ikaanza kula chuma. Sasa ukilegeza inavuja, ukikaza inaungua zaidi.

Kamba ya pamba usiiguse. Nikiwa kijana hapa Deep Sea, Tanga, nilimfungia mzee mmoja kamba hiyo, nikaizungusha mizunguko minne bila kukata kama mtu anayepiga kilemba, nikakaza kwa nguvu zote, nikatembea kifua mbele kwa kuwa haikutoa hata tone. Alikwenda Pemba na kurudi mara moja tu. Tulipofungua, shafti ilikuwa na mfereji unaonasa ukucha. Gharama za mkereza, fundi wa kuchonga chuma, nililipa mimi, kwa miezi mitatu.

Nunua pakingi ya kitani iliyoshindiliwa mafuta, ile ya mraba inayouzwa kwa mita. Ukubwa usiukisie. Pima upana wa ndani wa glandi, toa unene wa shafti, gawa kwa mbili. Glandi ikiwa milimita 54 na shafti 38, unataka pakingi ya milimita 8. Huna kifaa cha kupimia? Ukishatoa pakingi kuukuu, ingiza mkia wa biti ya drili kwenye uwazi. Inayoenea bila kulegea ndiyo saizi yako.

Kazi yenyewe ingoje bamvua. Siku hizo maji yetu hupwa kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi, na chombo kinabaki mchangani kimeegemea gadi, zile nguzo za kukishikilia. Una saa tatu hivi za kufanya kazi. Pete zote ziwe zimekatwa tangu jana yake, maana ukichelewa bahari itakukuta glandi iko wazi. Zikate kwa wembe, kwa kuzifunga kwenye bomba lenye unene sawa na shafti, mkato wa mshazari, kila pete kivyake.

Pakingi ya zamani itoe yote. Pinda waya mgumu, chonga ncha yake kama kizibuo, vuta. Pete ya mwisho kabisa huwa imejibana nyuma na watu huiacha, kisha wanashangaa mpya hazienei. Mulika tochi hadi uone chuma kitupu.

Hapo ndipo utakapojua kama shafti inabadilishwa. Pitisha ukucha. Ukiteleza, msasa laini unatosha. Ukinasa, mpelekee mkereza, la sivyo pakingi mpya itakuwa hasara tupu. Pia toka nje, shika panga, yaani rafadha inayosukuma mashua, kwa mikono miwili ulitikise juu na chini. Likicheza, bushi inayoishika shafti imekwisha, na shafti inayochezacheza itaipiga pakingi yoyote utakayoweka. Nadhani kwako bushi ndiyo ilitangulia, ila sijaiona mashua.

Unapoweka pete, viungo visifuatane. Vipange kama mafiga, kila kimoja upande wake. Paka grisi, sukuma moja moja. Nati zikaze kwa vidole tu. Maji yakijaa, acha ivuje ovyo, washa injini, nenda taratibu nusu saa, kisha kaza uso mmoja wa nati (sehemu moja ya sita ya mzunguko) kila upande, sawasawa, usubiri. Ukikaza upande mmoja zaidi, glandi inakwenda mshazari na kusugua shafti. Weka kiganja juu yake: vuguvugu ni sawa, ukirusha mkono umezidisha. Ukimaliza, funga nati za kuzuia.

SWALI: Fundi, oili ya gia boksi ya mashine yangu ya kufunga nyuma, HP 15, imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Nibadili oili tu?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Oili mpya itakuwa nyeupe baada ya wiki, maana maji yanaingia ndani. Fungua panga uangalie nyuma yake. Naweka dau utakuta uzi wa nailoni wa nyavu umejisokota kwenye shafti. Huo hukata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Badili sili zote mbili, hata kama moja inaonekana nzima. Ukijaza oili, sukuma kutoka tundu la chini hadi ichungulie tundu la juu, usimimine kwa juu, hewa itabaki ndani. Halafu kila jioni ukiegesha, kabla hujateremsha dagaa, peleka mkono nyuma ya panga.